Mkuu wa Uzima: Neno Moja katika Hotuba ya Petro

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya tatu, imo hotuba fupi ya aya kumi na tano tu. Ukiisoma kwa sauti, pasipo haraka, haikuchukui dakika tatu. Hii ni hotuba ya pili ya Petro, na imekaa katika kivuli cha ile ya kwanza, ile ya siku ya Pentekoste, ambayo kila mwaka husomwa na kuhubiriwa hata walio nyuma kabisa makanisani wakaijua. Hii ya pili haina upepo wala ndimi za moto. Ina kiwete mmoja aliyeponywa, ukumbi wa Sulemani uliojaa watu wenye mshangao, na mvuvi mmoja anayejaribu kuwaeleza kilichotokea. Mimi huipenda kuliko ile ya kwanza, na katika kurasa hizi nataka kumweleza msomaji sababu yake.

Nitangulize kusema kwamba mimi si mwanateolojia. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kisha nikawa Mkuu wa Chuo cha Ualimu mpaka nilipostaafu, na Kigiriki nilichonacho ni cha kujifunza uzeeni, kwa kamusi na miwani. Hotuba hii ninaisoma kama nilivyowafundisha walimu wanafunzi kusoma maandishi yoyote yale: nani anasema, anawaambia akina nani, amechagua maneno gani, na ameacha kusema nini.

Kwanza mazingira. Petro na Yohana wanapanda kwenda hekaluni saa tisa, saa ya kusali. Hapa Mswahili ana bahati. Kwa kuwa sisi nasi tunahesabu saa tangu jua lichomozapo, saa tisa ya Luka ndiyo saa tisa yetu ya alasiri, wala hatuhitaji maelezo chini ya ukurasa kama wanavyohitaji Wazungu. Penye mlango uitwao Mzuri ameketi mtu aliye kiwete tangu tumboni mwa mama yake, anaomba sadaka. Petro anamshika mkono wa kuume na kumwinua. Mtu yule anaruka, anaingia hekaluni akimsifu Mungu, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akimwona pale mlangoni siku zote, watu wanakimbilia mahali pale. Ndipo hotuba inapoanza.

Je, ni maneno ya Petro mwenyewe? Swali hili wanafunzi wangu walikuwa wakiliuliza kwa woga, kana kwamba limekatazwa. Halikukatazwa. Petro, kama alisema siku ile, bila shaka alisema Kiaramu, lugha ya nyumbani kwake. Sisi tunacho Kigiriki cha Luka, kilichoandikwa miongo kadhaa baadaye. Waandishi wa historia wa Kigiriki walikuwa na desturi yao katika jambo hili. Thucydides alieleza waziwazi kwamba hotuba zilizomo katika kitabu chake hakuzikumbuka neno kwa neno, bali aliwapa wasemaji maneno yaliyopasa hali ilivyokuwa, akishikamana kadiri alivyoweza na maana ya yaliyosemwa. Luka alikulia katika desturi iyo hiyo. Hata hivyo wako wataalamu walioona kwamba ndani ya hotuba hii kumehifadhiwa kitu cha kale sana. Mwaka 1956 Mwingereza John A. T. Robinson aliandika makala akidai kwamba hapa tunaisikia imani ya kwanza kabisa juu ya Yesu, ya watu waliokuwa bado wakimngoja aje ndipo awe Kristo. Ni hoja yenye mvuto, lakini ili isimame inabidi aya ya kumi na nane, inayosema kwamba Kristo alipasa kuteswa, iondolewe kinywani mwa Petro na kuhesabiwa kuwa ni ya Luka peke yake. Mimi huwa naiogopa hoja inayotaka kung'oa jino ili meno yaliyobaki yalingane. Kwa shughuli yangu hapa inatosha kusema kwamba mtunzi ni Luka, na kwamba Luka ni mwandishi asiyepoteza maneno.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Katika aya ya kumi na tano Petro anawaambia wasikilizaji wake kwamba wamemwua mtu fulani, na mtu huyo hamtaji kwa jina bali kwa cheo. Biblia yetu ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo wengi wa rika langu tumezeeka nayo, inamwita «Mkuu wa uzima».

Zamani, nikiwa bado na funguo za chuo mfukoni, somo hili lilisomwa katika ibada ya asubuhi, na mwanachuo mmoja mcheshi akamnong'oneza mwenzake nikamsikia: «Mkuu wa Uzima, kama Mkuu wa Idara?» Nilijifanya sikusikia, lakini swali lilikuwa zuri kuliko alivyokusudia. Mkuu katika Kiswahili chetu cha ofisini ni mtu mwenye meza, muhuri na ruhusa za kutoka. Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Kituo, Mkuu wa Shule. Anasimamia kitu ambacho hakukianzisha, ambacho kilikuwapo kabla yake na kitakuwapo atakapohamishwa. Mimi nilikuwa mkuu wa namna hiyo. Je, ndivyo Petro alivyomaanisha, kwamba uzima ni idara na Yesu ndiye msimamizi wake?

Neno la Kigiriki ni *arkhegos*. Katika Agano Jipya lote linatokea mara nne tu, nalo Biblia yetu ile imelitafsiri kwa namna tatu. Mara mbili katika Matendo, hapa na katika sura ya tano, ni Mkuu. Katika Waebrania sura ya pili ni kiongozi mkuu. Katika Waebrania sura ya kumi na mbili ni mwenye kuanzisha. Si uzembe wa watafsiri. Neno lenyewe lina vyumba vingi. Wagiriki walilitumia kwa mwasisi wa mji na kwa babu wa kwanza wa ukoo, yule ambaye wote waliofuata wanatoka kwake. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walilitumia zaidi kwa viongozi wa makabila. Wale watu kumi na wawili ambao Musa aliwatuma kuipeleleza nchi ya Kanaani, kila mmoja wao anaitwa *arkhegos*. Kwa hiyo neno linabeba picha mbili kwa pamoja: chanzo ambako kitu hutoka, na mtu atanguliaye kuingia mahali ili wengine wamfuate. Watafsiri wa Kilatini walichagua picha ya kwanza, wakamwita mwanzilishi wa uhai. Waingereza wa mwaka 1611 walimwita mwana wa mfalme, au tuseme mtawala, na nadhani Mkuu wetu amepita njia hiyo kutufikia.

Ukilichukua katika maana ya chanzo, sentensi ya Petro inakuwa kitendawili cha kutisha. Mmekiua chanzo cha uzima. Lakini chanzo cha uzima kitauawaje? Kijijini kwetu ipo chemchemi chini ya mwamba, na nilipokuwa mtoto vijana wa ng'ambo ya bonde, kwa ugomvi wa mpaka, walikuja usiku wakaiziba kwa mawe na udongo. Kulipopambazuka maji yalikuwa yametokea hatua tano upande wa chini, machafu mwanzoni, halafu safi. Hakuna aliyeona ni muujiza. Ndiyo kazi ya chemchemi. Petro naye, katika aya hiyohiyo, hatoi hoja ndefu ya kuthibitisha ufufuo. Anautaja kwa maneno machache mara tu baada ya kutaja mauaji, kama jambo lililokuwa halina budi. Uzito wa ufufuo umekwisha kuwekwa ndani ya cheo chenyewe.

Tena angalia jinsi Luka alivyoipanga mizani. Aya iliyotangulia inasema watu waliomba wapewe mwuaji. Basi waliomba wapewe mtu aondoaye uhai, wakamwondoa atoaye uhai. Msemaji hapambi. Anaviweka vitu viwili kandokando, anaendelea na safari.

Kwa sababu hiyo kwa miaka mingi niliona kwamba «chanzo» ndilo neno lenye kufaa zaidi, na kwa maana peke yake bado naona hivyo. Lakini kuna jambo ambalo sikio hulipata na kamusi hailipati. Aya mbili mbele Petro anasema kwamba walitenda hayo kwa kutojua, kama na wakuu wao walivyofanya. Wakuu! Katika Kigiriki vilevile, *arkhegos* wa aya ya kumi na tano na *arkhontes*, yaani watawala, wa aya ya kumi na saba, wanatoka shina moja. Wenye meza na mihuri walimwua Mkuu ambaye hana hata kimoja cha hivyo. Ukiandika «chanzo» katika aya ya kwanza na «viongozi» katika ya pili, maana inang'aa lakini mgongano unapotea. Wale watafsiri wa 1952, kwa kujua au kwa kubahatisha, waliuacha mgongano usikike. Mwanachuo wangu mcheshi angepaswa kusoma aya mbili zaidi.

Na uzima je? Hapa lugha yetu imetupa kitu ambacho msomaji wa Kigiriki hana. Katika aya ya kumi na tano Kigiriki kinasema *zoe*, uhai. Katika aya ya kumi na sita, Petro anapoeleza hali ya yule aliyekuwa kiwete, kinatumia neno lingine kabisa, *holokleria*, yaani ukamilifu wa mwili usiopungukiwa na kiungo. Kivumishi chake ndicho kinachotumika katika Torati ya Kigiriki kwa mawe ya madhabahu, mawe mazima ambayo chuma hakijayagusa. Maneno mawili, mashina mawili. Lakini Biblia yetu imeandika uzima hapa na uzima pale. Nasi wenyewe kila siku tunaulizana, «U mzima?» tukiwa na maana ya hujafa, huumwi, hukuvunjika, yote kwa mkupuo. Chungu kizima ni kile kisicho na ufa. Mtu mzima ni yule aliyekwisha kukomaa. Basi Mswahili asikiapo kwamba Mkuu wa uzima amefufuliwa na kwamba kwa imani mtu huyu amepewa uzima mkamilifu, hana haja ya kuambiwa kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Miguu iliyonyooka ni maji ya chemchemi ileile.

Sitaki kuficha kwamba mahali pengine tumepoteza. Kitenzi ambacho Luka anakitumia Petro anapomwinua kiwete kwa mkono ndicho anachokitumia Mungu anapomfufua Yesu. Kwa Kigiriki ni neno moja, kuinua. Sisi tuna kuinua na kufufua, na hakuna mtafsiri ambaye angeweza kusema kiwete alifufuliwa bila watu kucheka. Vilevile nyakati za kuburudishwa, ambazo Petro anawaahidi watakaotubu, zimeharibikiwa kidogo na wakati. Mzizi wake ni ubaridi, sawa kabisa na Kigiriki, ambacho kinasema juu ya kupoa kwa pumzi, kama mtu aliyetoka juani akapata upepo. Siku hizi burudani ni muziki. Nimepata kumsikia mhubiri kijana, mwenye sauti njema, akilieleza neno hilo kwa kuita kwaya na vinanda. Kwaya iliimba vizuri sana.

Mpaka hapa nimesema mambo ya lugha, ambayo ni starehe ya mzee. Sasa niseme lile linalonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mazishi ya kijana mmoja, mwalimu, katika kijiji ambacho sitakitaja. Alikuwa ameugua kwa muda mfupi. Kama ilivyo desturi yetu mbaya, kabla kaburi halijachimbwa watu walikuwa wamekwisha kuulizana nani kamwua, na minong'ono ilikuwa ikimzunguka shangazi mmoja wa marehemu, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sabini. Mhubiri alisoma hotuba hii ya Petro. Alisoma kwa nguvu, akafika aya ya kumi na tano, kwenye tamko kwamba wamemwua, akafunga kitabu. Kisha akahubiri juu ya wauaji waliomo katikati yetu. Sijui kama alikusudia. Niliyaona macho ya watu yakihama, moja baada ya jingine, kwenda kwenye mkeka alikoketi yule mama. Katika nchi yetu wako wanawake wazee waliokatwa mapanga baada ya kutazamwa hivyo. Yeye, nashukuru, alichukuliwa na binti yake siku ya tatu, na hakurudi tena katika nyumba aliyoolewa.

Hiyo siyo mara ya kwanza hotuba hii kufungwa mahali hapo. Kwa karne nyingi, huko Ulaya, Wakristo walilisoma neno «ninyi» la Petro kana kwamba limeelekezwa kwa Wayahudi wote wa nyakati zote, na kutokana na somo hilo damu nyingi ilimwagika. Ilikuwa mpaka tarehe 28 Oktoba 1965 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotamka katika hati yake Nostra Aetate kwamba mateso ya Yesu hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote waliokuwa hai wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Ni tamko jema. Lakini msomaji makini wa Luka hakuhitaji kungoja. Anayesema ni Myahudi, yumo ndani ya hekalu alimokwenda kusali, anawaita wasikilizaji ndugu zake na kuwaambia kwamba wao ni wana wa manabii na wa agano. Tamko la mashtaka liko katikati ya hotuba. Mara baada yake linakuja jina liponyalo, kisha neno la kutojua, kisha wito, kisha ubaridi wa upepo. Anayefunga kitabu kwenye aya ya kumi na tano amesoma hati ya mashtaka akaacha hukumu, na hukumu yenyewe ni msamaha.

Na liko neno moja zaidi, ambalo kwangu ndilo moyo wa hotuba nzima. Mara mbili, aya kwa aya, Petro anawaambia watu kwamba wamemkana Yesu: walimkana mbele ya Pilato, walimkana yule Mtakatifu. Angeweza kusema walimkataa, walimsaliti, walimtupa. Luka amempa kitenzi cha kukana. Mwandishi ni yeye yule aliyekwisha kutuandikia, katika Injili yake, sura ya ishirini na mbili, usiku wa Petro uani kwa kuhani mkuu, penye moto, mbele ya kijakazi. Kitenzi ni kilekile, katika Kigiriki na katika Kiswahili. Ni Luka peke yake kati ya wainjili wanne anayesimulia kwamba baada ya jogoo kuwika Bwana aligeuka akamtazama Petro.

Basi mtu huyo ndiye anayesimama sasa mbele ya umati na kusema, mlikana. Hasemi, nami pia. Walimu wangu wachanga walilalamikia jambo hili kila mwaka. Waliona ni unafiki. Waliuliza kwa nini asitubu hadharani kwanza, ndipo awahubirie wenzake. Nilikuwa nikiwaambia wasome tena aya ya kumi na saba, pale anaposema anajua walitenda kwa kutojua. Amejuaje? Luka hakuandika kwamba alifunuliwa. Mtu anayejua jinsi mkanaji anavyokana, kwamba hana chuki bali ana hofu na ameona moto na baridi na maneno yakamtoka, ni yule aliyepita hapo. Petro alikuwa na kisingizio kidogo kuliko wao, maana yeye alimjua aliyemkana. Kutojua anawapa wao. Nafsini mwake hakujipa hicho. Nadhani ndiyo sababu sauti ya hotuba, pamoja na ukali wa maneno yake, haina kidole kilichonyooshwa. Laiti mhubiri wa mazishi yale angaliisoma kama mtu aliyewahi kuota moto uani.

Wengine watasema nampa Luka ujanja ambao hakuwa nao, kwamba kukana ni neno la kawaida na limerudiwa kwa bahati. Yawezekana mara moja. Kulirudia mara mbili katika aya mbili zinazofuatana, kinywani mwa mtu yuleyule mmoja, na mwandishi aliyechagua *arkhegos* kati ya maneno yote ya Kigiriki, siioni kuwa bahati.

Hotuba yenyewe haikufika mwisho. Walipokuwa wangali wakisema na watu, makuhani na akida wa hekalu na Masadukayo waliwatokea, wakaudhika kwamba hawa wanafundisha ufufuo, jambo ambalo Masadukayo hawakulikubali, wakawakamata na kuwaweka ndani hata kesho yake, kwa kuwa ilikwisha kuwa jioni. Kesho yake wakuu wenyewe, wote, waliketi barazani. Yule aliyekuwa kiwete alisimama hapo pamoja na Petro na Yohana. Luka hatuambii kama aliitwa shahidi au alikuja mwenyewe, wala hampi sentensi hata moja ya kusema. Wakuu walimtazama, wakakosa la kujibu, wakawaonya mitume na kuwaacha waende zao. Katika aya ya mwisho ya kisa hicho, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, Luka anatutajia umri wake: alikuwa amepita miaka arobaini.